Kurasa Kumi na Nne

Fungeni huo mlango, wanangu, mnisogelee. Wewe kifungua mimba usikae hapo mlangoni, nitadhani unataka kutoroka kabla ya mapumziko. Simu zenu zizimeni zote, maana nimekatizwa na simu za watazamaji tangu zilipoanza kuingia ukumbini, na leo sina pumzi ya kurudia sentensi mara mbili. Kiongozi, wewe kaa kwenye kiti cha marehemu mama yao, usione haya, hicho kiti kimezoea waigizaji. Nimekuita kwa sababu wewe ndiye mkuu wa kikundi chetu cha maigizo sasa, na nataka maneno yangu yasikiwe na mtu mmoja asiye wa damu yangu, kwani watoto wanaweza kumsitiri baba yao, na mimi leo sitaki kusitiriwa. Juzi nilimuuliza daktari nimebakiwa na muda gani, akatazama viatu vyake. Nimeigiza madaktari sita maishani mwangu, wawili kwenye redio na wanne jukwaani, kwa hiyo daktari akitazama viatu najua maana yake.

Nianze na mali, maana habari ya mali ni fupi. Nyumba hii msiiuze. Vyumba vitatu na ua si kitu cha kugombania, na yeyote kati yenu atakayekwama, awe ameachika, awe amefukuzwa kazi, awe amechoka tu na dunia, apate mahali pa kuweka kichwa bila kuulizwa maswali. Kifungua mimba, ufunguo na hati vitakaa kwako, na najua utanung'unika kwamba kila mzigo unatupiwa wewe. Ndiyo hivyo baba, ukubwa jalala. Cherehani ya mama yenu ni ya binti yangu. Lile kabati la michezo yote niliyocheza, kila kitabu na maandishi yangu ya penseli pembeni, ni la kitinda mimba, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki kwenye kazi yangu. Nimesema aliyebaki. Neno hilo ndilo lililonifanya niwaite, na nitalifikia, ila mniache nilifikie kwa mwendo wangu, maana mtu mwenye jambo zito hulizunguka kwanza.

Mnajua mimi sikuzaliwa mwigizaji. Nilikuwa karani wa duka la vitambaa, kazi yangu kupima na kukata, na siku moja tajiri wangu akanituma nipeleke mapazia mekundu kule ukumbini. Nikawakuta waigizaji wako mazoezini wanagombana kuhusu maiti. Mchezo wao ulikuwa na maiti anayelala katikati ya jukwaa tangu mwanzo hadi mwisho huku ndugu wakigombania urithi juu ya kichwa chake, na hakuna mwigizaji aliyekubali kulala saa nzima na nusu bila kupewa hata neno moja. Mwongozaji akanigeukia na mapazia yangu mabegani, akanipima kwa macho, akaniuliza, "Wewe, unaweza kulala?" Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu husema hiyo ndiyo kazi pekee ninayoiweza. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa, wanangu, chali, nimefunikwa shuka, pamba puani.

Lakini maiti yule alikuwa na masikio. Nililala pale wiki sita nikasikia kila mstari wa kila mtu, nani anakimbiza, nani anaburuta, nani akinuniwa na mwenzake humeza neno la mwisho ili mwenzake apotee. Wiki ya saba, yule aliyecheza kaka mkubwa akakauka sauti kabisa, watu wamekwisha kaa vitini, nikatoka chini ya shuka nikasema sehemu yake naijua. Wakacheka. Nikaanza mwanzo, nikaenda, nikaenda, mpaka mwongozaji akasema basi, mvisheni koti. Siku hiyo mahali pa maiti tukaweka mito miwili na kuifunika shuka, na hakuna mtazamaji aliyeona tofauti, jambo ambalo liliniuma kidogo. Toka hapo wakaniita Kaseti. Ukitaka mstari wowote wa mtu yeyote, mwambie Kaseti, atakuchezea. Mwisho wake kikundi kikamwondoa hata mkumbushaji, yule anayekaa nyuma ya pazia na kitabu ili akunong'oneze ukisahau. Walisema wa nini, na Kaseti yupo? Nami nikavimba kichwa.

Ah, miaka ile. Kiongozi, unaikumbuka ile birika moja ya chai iliyokuwa ikitutosha watu kumi na watano, na yule fundi taa aliyekuwa akikausha soksi zake juu ya taa kubwa mpaka ukumbi mzima ukanuka miguu? Unakumbuka chumba cha mavazi, poda, vidonge vya nondo, na mama yao amejaza pini mdomoni anatugombeza bila kufungua midomo? Siku aliyonipima suruali mara ya kwanza alinichoma mara tatu, mara ya nne nikamwambia dada, kama hunitaki sema tu, akacheka pini zote zikamwagika sakafuni, tukaziokota pamoja kwa magoti. Sijapata tena mchana mzuri kama ule. Mkiniuliza nirudishiwe siku gani, sitachagua siku ya makofi wala ya nishani, nitachagua ile ya kuokota pini.

Sasa wewe kitinda mimba, usitazame dari, haya ni yako. Sura yako iko kwenye ukuta wa kila stendi ukitabasamu na sabuni mkononi, na mimi kila nikipita naona fahari, sikufichi. Lakini ngoma ivumayo haidumu. Kazi yetu si kuonekana, mwanangu, kazi yetu ni kurudi kesho, na keshokutwa, na mwaka ambao hakuna anayekuita, urudi ukiwa na sauti safi na viatu vilivyopigwa brashi. Fika kabla taa hazijawashwa. Jua jina la fundi taa na la mwanawe aliye mgonjwa. Soma mistari ya wenzako kabla ya yako, maana anayejua yake tu ni sawa na mtu anayebishana na ukuta. Wakikupa mlinzi wa geti mwenye neno moja, hilo neno lipikie kama karamu. Uwe na kazi nyingine ya mkono. Mimi nilipima vitambaa miaka kumi na moja nikiwa tayari najulikana, na ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kuninunua kwa sehemu mbovu. Wala usichukie kuzeeka. Nilipofika arobaini niliziona mvi, nikazipaka rangi ya viatu ili niendelee kuwa mchumba wa watu, na siku hiyo kulikuwa na joto, nikamkumbatia msichana wa mchezo, alipojitoa shavu lake lote lilikuwa jeusi. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kesho yake nikaenda kwa mwongozaji nikamwambia nipe baba. Nimecheza baba na babu miaka mingi kuliko nilivyocheza mchumba, na ndiko kulikonilisha.

Na wewe kifungua mimba, kinyongo chako nakijua, hujawahi kukisema lakini hukaa nacho mezani. Nilikuja kwenye harusi yako nimechelewa, na ndevu za gundi usoni, nikazisahau, na mpaka leo picha zote za harusi zina mzee mwenye ndevu ambaye wakwe zako walidhani ni mjomba. Umecheka hapo, nimekuona. Lakini siku ile hukucheka. Wala siku uliyozaliwa sikuwapo, nilikuwa jukwaani nikimlilia mtoto wa kubuni. Nisamehe, baba. Nilidhani kazi ikikua nyumba nayo itakua, kumbe nyumba ilikuwa ikikuzwa na mama yenu peke yake.

Nipeni maji kidogo. Asante. Hapana, mto usiusogeze, uko sawa.

Sasa nafika. Kabla yangu kulikuwa na mzee tukimwita Radi, kwa sauti yake. Mimi nilimwabudu. Alipofika hamsini na kitu akaanza kusahau, mara ya kwanza wakamsamehe, ya pili wakanong'ona, ya tatu wakampa kiti mlangoni akate tiketi. Watu waliokuwa wakimpigia makofi wakawa wanampa tiketi bila hata kumtazama usoni. Nami nikiingia nilikuwa namwona midomo inacheza, anasema mistari yake ya zamani kimya kimya huku anachana tiketi. Wanangu, mimi sikuogopa kufa wala njaa. Niliogopa kile kiti cha mlangoni. Nawaambia hili si kwa kujitetea, bali mjue woga wangu ulikuwa na sura gani.

Binti yangu, mama, sasa nazungumza na wewe, na najua umekwisha kujua ninakokwenda kwa sababu umeacha kukunjakunja kitambaa chako.

Mnajua habari ya Jumapili ile, wote mnaijua, lakini mnaijua kama nilivyoisimulia mimi. Basi isikieni kama ilivyokuwa. Ulikuwa mchezo wa baba na binti, na kwa mara ya kwanza kikundi kikawapa sehemu hizo baba na binti wa kweli. Binti yangu huyu alikuwa na miaka ishirini na minne. Sehemu ya pili ya mchezo inaanza binti ameketi, anashona kifungo, baba anaingia kutoka safari. Binti anamuuliza pale pale alipoketi, "Baba, umerudi peke yako?" Baba anajibu, "Peke yangu. Nipe maji." Halafu zinafuata kurasa kumi na nne, na katika kurasa hizo mna mazungumzo marefu ya binti peke yake, ambayo nilimsikia akiyafanyia mazoezi uani miezi miwili mpaka majirani nao wakayajua. Mwisho wa mchezo, mambo yote yameharibika, baba anarudi tena, na binti, safari hii amesimama, anauliza maneno yale yale. Naye baba anajibu, "Peke yangu. Na kosa ni langu." Anapiga magoti, taa zinazimwa, pazia.

Jumapili ile alasiri alikuwapo mgeni, mtu aliyezunguka akichagua waigizaji wa kwenda kusomea kazi hii miaka mitatu, kila kitu kimelipwa. Alikuja kuzisikiliza zile kurasa kumi na nne. Watu wakatoka mapumziko, wakakaa na karanga zao, pazia likafunguka. Binti ameketi na kifungo chake. Akaniuliza. Na mimi nikafungua mdomo nikajibu, "Peke yangu. Na kosa ni langu."

Alikuwa ameketi. Nasema mbele yako Kiongozi, na mbele ya Mungu, alikuwa ameketi vizuri kabisa, mahali pake, na sindano yake mkononi. Niliyeruka zile kurasa kumi na nne ni mimi.

Yeye akaelewa mara moja. Hapo ndipo aliposimama. Akaja akanishika mkono, akatunga maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chochote, akasema, "Baba umechoka na njia. Kaa kwanza, unywe maji, nitakuuliza tena." Akaniketisha. Akaninywesha. Watazamaji walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Waigizaji wangapi wenye miaka thelathini kazini wangeweza jambo lile? Kisha akaniuliza tena, polepole, kama unavyomwekea mtoto kijiko mdomoni. Na mimi, kichwani mwangu mkiwa hamna kitu, mkiwa mweupe kama hilo shuka, nikasema tena yale yale, nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti. Fundi taa akaona magoti, akazima. Pazia likafungwa. Watu hawajamaliza hata karanga zao.

Nyuma ya pazia mwongozaji wa wakati ule akaja na hasira, akauliza nani aliyeruka. Wote wakatutazama sisi wawili, na hapo mimi nilikiona kile kiti cha mlangoni, nikamwona Radi na tiketi zake. Nikasema, "Aliniuliza amesimama. Kusimama ni mwisho." Mwongozaji akakuuliza wewe, Kiongozi, uliyekuwa pembeni ukingoja kuingia kama mama wa mchezo, akasema, ulimwona amesimama? Ukasema ndiyo. Usiinamishe kichwa, hukusema uongo, ulichungulia ukamwona amesimama kweli. Alisimama ili aniokoe, na mimi kule kusimama kwake nikakutumia kumzamisha.

Binti yangu akanitazama. Akaningoja. Jukwaani tunajua kungoja, unampa mwenzako nafasi, unahesabu moyoni, unamwachia aseme. Maneno "kosa ni langu" nilikuwa nimetoka kuyasema mara mbili mbele ya watu mia tatu, hayakuwa na kazi pale, na sasa yalipokuwa na kazi sikuyasema. Aliponingoja vya kutosha akawageukia wote akasema, "Samahanini. Nilisimama." Hakusema, "Niliruka." Wala hakudanganya. Akaenda kuvua nguo za mchezo, na mgeni alikwisha ondoka.

Usiku huo mama yenu aliniuliza swali moja tu, "Ni yeye kweli?" Nikasema ni yeye. Akanitazama, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa, na sijui alikufa anajua nini. Mchuma janga hula na wa kwao, wanangu, na mimi janga langu niliwalisha nyumba nzima.

Yeye akamaliza maonyesho yaliyobaki, kisha hakurudi. Miaka kumi na minane sasa yuko kwenye kaunta ya idara ya maji anapokea malalamiko ya mabomba. Mama, kuna siku nilikuja kule, hukuniona, nilikaa kwenye foleni nyuma ya mwanamume mmoja mnene aliyekuwa anafoka bili imemzidi. Ukamwacha amalize. Kisha ukaanza kusema, chini, bila haraka, na chumba kizima kikanyamaza kukusikiliza, hata mlinzi, hata mtoto aliyekuwa analia. Ulikuwa unaeleza mita ya maji. Nilitoka nje nikashika ukuta, nikalia pale barabarani mtu mzima mimi, kwa sababu nilijua nimewanyima watu sauti gani.

Na ningalinyamaza tu, pengine Mungu angalilihesabu kosa langu nusu. Sikunyamaza. Nilipoanza kuwafundisha waigizaji wapya niliwasimulia kisa kile kila mwaka, kwamba hata mwanangu wa kuzaa aliniruka, basi nanyi jihadharini. Walicheka, nikacheka nao. Kitinda mimba, na wewe ulikuwamo darasani, ulikisikia kwangu, na ukaja nyumbani ukamtania dada yako. Mpaka leo pale kikundini mtu akiruka kurasa hawasemi ameruka, husema "amefanya binti". Watoto wa juzi wanaosema hivyo hawajui hata huyo binti ni nani. Mimi najua. Neno hilo nimelisikia mazoezini miaka yote hii, na kila nikilisikia nilijifanya natafuta miwani. Na waandishi wakija kuniuliza siri ya kudumu kazini, niliwaambia ni kumbukumbu nzuri. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilidumu miaka kumi na minane zaidi kwa sababu mtu mwingine alikaa kwenye kile kiti badala yangu.

Wiki iliyopita, Kiongozi, ulikuja kunijulia hali ukaniambia mnatafuta mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye sauti. Nikakwambia muulize binti yangu. Ukacheka, hukuwa na ubaya, ukasema, "Mzee, yule si ataturukia tena?" Ulipoondoka nikajigeuza ukutani. Nikajua nikifa nimenyamaza, kicheko hicho kitamfuata mpaka kaburini kwake, na atakayekuwa amekiacha ni mimi. Ndiyo maana mko hapa.

Basi yashikeni haya... polepole, pumzi inakata. Kiongozi, kesho asubuhi kabla ya mazoezi wakusanye wote, wazee kwa wapya, hata wakata tiketi, uwaambie yote niliyosema, usiyapunguzie makali wala usiyape huruma. Ule msemo ufe. Kama ulimi wao lazima uwe na neno, waseme amefanya Kaseti. Mrudishieni mkumbushaji kiti chake, kila mwigizaji atakuja kumhitaji, na asiyekubali hilo ni wa kuogopwa. Sehemu ile usimpe binti yangu kwa kumwonea huruma, atakutupia usoni, namjua. Mwite asome kama wengine. Akikataa, amekataa, hana deni na mtu.

Kitinda mimba, ukisahau... na utasahau... sema nimesahau. Jukwaani, nyumbani, popote. Watakupa kiti cha mlangoni, kaa. Ni kiti tu, baba. Kinakalika.

Kifungua mimba, siku ya kunizika msiwaache watu wanisifu kumbukumbu. Watasema mema mengine, yapo machache. Hilo wasiliseme. Wewe ndiye utakayewakatiza, una sauti nzito.

Nawabariki wote. Mungu awape kazi inayowachosha vizuri. Awape watu wa kucheka nao jikoni. Muwe mnapigiana simu bila sababu... msingoje msiba. Wewe mkubwa nakubariki kwa mzigo ulioubeba. Wewe mdogo nakubariki kwa njia iliyobaki. Kiongozi, nawe umo.

Mama... sogea. Zaidi. Baraka yako ni nzima, haina sharti, usidhani nainunulia msamaha. Usinisamehe kwa sababu nakufa, hiyo ni bei rahisi mno. Kama una hasira iseme, nimeletewa miaka yote makofi yasiyo yangu, naweza kupokea na hiyo. Ile siku ulinitazama, ukaningoja. Sijui ulikuwa unawaza nini. Miaka kumi na minane nimesema mimi, nimesema kwako, nimesema juu yako, nawe hujapewa hata mstari.

Nyinyi wengine tokeni. Mlango msiufunge, muusindike tu.

Mimi nimemaliza. Nakusikiliza, mama. Chukua muda wako. Sema.